Medali za baharia aliyezama na manowari Queen Mary: zipi zipo, ipi haipo, na namna ya kuzitunza pwani

Swali: Marehemu mume wangu alikuwa Mwingereza, tukaishi naye Mombasa miaka mingi. Katika vitu vyake nimekuta kikopo cha bati chenye nyota ya shaba, medali ya duara yenye sura kama ya malaika, na sahani nzito ya shaba yenye simba na jina la kaka wa babu yake. Alikuwa akituambia kwamba huyo babu alizama na manowari Queen Mary mwaka 1916. Watoto wananiuliza: hizi ndizo zote? Kuna iliyopotea tunayoweza kuiomba? Amezikwa wapi? Na sahani imeota madoa ya kijani. Je, niisugue kwa ukwaju kama ninavyosugua dele la kahawa?

Jibu: Dada, pole kwa msiba, na nakuomba ukwaju uuache jikoni kwanza; sababu nitaieleza. Majibu ya haraka ni haya. Fungu lako halijakamilika, na inayokosekana ni medali ya fedha. Serikali ya Uingereza haitoi tena medali za vita vya kwanza vya dunia. Kaburi huenda hakuna, ila jina lake linapaswa kuwa kwenye mabamba ya shaba ya mnara wa Portsmouth. Lakini yote hayo yanategemea jambo moja ambalo bado hujalithibitisha: kwamba nyota, medali na sahani ni za mtu mmoja, na kwamba mtu huyo kweli alikuwa ndani ya Queen Mary. Simulizi ya ukoo ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini kinachothibitisha ni namba yake ya utumishi.

Geuza ile nyota. Mgongo wake ni bapa, na hapo pamegongwa namba, herufi za mwanzo za majina, jina la ukoo, cheo kwa kifupi, na R.N., yaani Jeshi la Majini la Uingereza. Kwenye medali ya duara maandishi hayohayo yako ukingoni, madogo sana. Ukiyasoma chini ya taa ya dari hutayaona. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya herufi badala ya kuzipiga usoni, kisha tumia kioo cha kukuzia au piga picha uikuze. Usijaze chaki wala unga kwenye herufi ili zionekane. Vumbi lile huvuta unyevu na halitoki lote.

Herufi iliyo mbele ya namba ina maana. J ni mabaharia wa sitaha na watu wa ishara. K ni wachochea makaa wa chumba cha tanuri. M ni mafundi, wauguzi na wengineo. L ni wapishi na watumishi wa maofisa. Utaratibu huo ulianza mwaka 1908, kwa hiyo aliyejiunga kabla ya hapo ana tarakimu tupu. Askari wa majini hawaandikwi R.N. bali R.M.L.I. au R.M.A., na ofisa hana namba kabisa, ana cheo na jina tu. Cheo nacho husomeka kwa ufupisho: A.B. ni baharia aliyekwisha kuiva, ORD. bado hajaiva, STO. 1 ni mchochea makaa wa daraja la kwanza, BOY ni kijana asiyetimiza miaka 18. Vyeo vya nyota na medali vikitofautiana usishtuke, kwani watu walipanda. Namba ndiyo isiyotakiwa kutofautiana hata tarakimu moja.

Angalia pia kitu ambacho hakipo: jina la meli. Medali za mabaharia za vita vya kwanza hazitaji manowari. Kwa hiyo hakuna chochote katika shaba uliyoishika kinachosema Queen Mary. Sahani, ambayo ilipewa familia za waliokufa vitani, inasema machache zaidi. Ina jina kamili, bila cheo na bila namba, na ilikusudiwa hivyo ili sahani ya amiri isipite ya kijana wa sitaha kwa lolote. Ni uamuzi wa heshima kubwa, lakini unamwachia mtafutaji kazi, kwa sababu jina la kawaida la Kiingereza linaweza kuwa la watu kumi waliokufa vitani.

Kwa hiyo fuata njia hii. Anza na tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hailipiwi. Andika jina la ukoo, chagua jeshi la majini, weka tarehe 31 Mei 1916. Utapata namba, cheo, meli, mnara na namba ya bamba, na mara nyingi majina ya wazazi na mtaa wao. Namba hiyo ikilingana na ya nyota, na majina kamili yakilingana na ya sahani, vitu vitatu vimeshikana na Queen Mary imethibitika.

Halafu nenda kwenye hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Katalogi yake iko mtandaoni. Daftari za utumishi za mabaharia wa kawaida ziko kwenye fungu la ADM 188, na nakala ya ukurasa wake mmoja hupakuliwa kwa ada ndogo. Ukurasa huo utawafurahisha watoto kuliko medali zenyewe: tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi aliyofanya kabla, kimo, rangi ya macho, chale au kovu kama alikuwa nalo, na kila meli aliyopanda na tarehe zake. Mstari wa mwisho una herufi DD, maana yake ameondolewa kazini kwa kufa. Soma tarehe aliyoingia Queen Mary. Kama alikuwemo Agosti 1914, basi alikuwa pia kwenye pambano la Heligoland Bight tarehe 28 mwezi huo. Usiiamini sana tarehe ya kuzaliwa, maana vijana wengi waliongeza umri ili wapokelewe.

Fungu la tatu ni ADM 171, orodha za medali. Humo huonekana alistahili zipi na zilitolewa kwa nani. Na ADM 242 ni daftari la makaburi ya vita, lenye jina la ndugu wa karibu aliyepewa taarifa ya kifo pamoja na anwani yake. Lipitie hata kama unadhani umeshapata yote, kwa sababu humo ndimo utakapojua vitu vilipelekwa nyumba gani. Kama alikuwa na mke, medali na sahani zilikwenda kwa mjane. Mjane akiolewa tena, vitu vilihama naye, na nusu yake vikabaki kwa watoto wa nyumba ya pili wasiojua ni vya nani. Mafungu mengi yametengana kwa njia hiyo, wala hakuna aliyeiba.

Sasa kuhusu alichostahili. Baharia aliyekuwa kazini baharini kabla ya tarehe 31 Desemba 1915 alipata vitu vitatu: nyota ya 1914-15, medali ya vita ya Uingereza, na medali ya ushindi. Nyota ni ya shaba nyeusi, ina panga mbili zilizopishana na taji juu. Haikutolewa kamwe peke yake, kwa hiyo ukiwa na nyota jua kwamba na hizo mbili zilikuwepo. Medali ya ushindi ndiyo hiyo ya "malaika": mwanamke mwenye mabawa, na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Aliyeanza kazi ya baharini mwaka 1916 hakupata nyota, alipata mbili tu. Fungu hilihili ndilo walilopata hata wale waliouawa kwenye manowari Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Mizinga ya meli hizo mbili watoto wanaweza kuiona hapohapo Fort Jesus.

Inayokosekana kwako ni medali ya vita ya Uingereza: ya fedha, kipenyo milimita 36, kichwa cha mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mpanda farasi anayekanyaga ngao yenye tai. Utepe wake ni wa rangi ya chungwa katikati, na kingo zake zina mistari myeupe, myeusi na ya buluu. Ndiyo inayopotea kuliko zote kwa sababu ni fedha halisi. Bei ya fedha ilipopanda vibaya mwaka 1979 na 1980, nyingi ziliuzwa kwa mizani zikayeyushwa. Kabla ya kukata tamaa, waulize shemeji zako na binamu wa marehemu, kila nyumba. Waulize pia kama wana karatasi ndogo nene, ya sentimita 27 kwa 17 hivi, yenye nembo ya kifalme na jina lililoandikwa kwa mkono. Hiyo ilitolewa pamoja na sahani, na tofauti na sahani, ina cheo na jina la meli. Ukiipata hiyo, umepata kitu pekee katika fungu zima kinachoitaja Queen Mary.

Isipopatikana kwa ndugu, yawezekana medali iko sokoni. Wauzaji wa medali na minada ya Uingereza huorodhesha maandishi ya ukingoni neno kwa neno, kwa hiyo tafuta mtandaoni jina na namba pamoja, na uwaandikie wauzaji wawili watatu waiweke namba hiyo kwenye orodha za wanaotafuta. Wapo waliounganisha fungu baada ya miaka mingi. Ukitokea mtu anakuuzia, pima kabla ya kulipa. Herufi za kweli zimegongwa kwa muhuri, si kuchorwa kwa ncha. Ukingo uliosuguliwa ili jina la zamani lifutwe na lingine liandikwe huwa mwembamba: pima kipenyo kwa kalipa sehemu nne tofauti, na kama mahali pamoja kipenyo ni kidogo kuliko pengine, au kiko chini ya milimita 36, mtu amepitisha tupa. Nakala ya kumimina hujulikana kwa vitundu vidogo kama vya sindano na sura iliyolegea, isiyo na makali kwenye misuli ya farasi. Na akikuonyesha medali ya ukubwa kamili yenye kibamba cha jina la Jutland kwenye utepe, kataa. Vibamba vya mapigano ya majini vilikubaliwa kwa karatasi baada ya vita, lakini havikutolewa.

Wala usinunue medali ya fedha ya mtu mwingine ili tu nafasi ijae. Ile nayo ina jina la mtoto wa watu. Kama mnataka fungu la kuning'iniza ukutani, nunueni nakala mpya isiyo na jina, mwandike nyuma ya fremu kwa penseli kwamba hiyo moja ni nakala na ya asili haijapatikana. Mjukuu atakayekuja kuitafuta baadaye asipotezwe na ninyi.

Kuhusu kaburi. Queen Mary ililipuka alasiri ya tarehe 31 Mei 1916 katika pambano la Jutland, Bahari ya Kaskazini, magharibi ya Denmark, ilipopigwa na manowari za Kijerumani na moto ukafika kwenye ghala la baruti. Watu 1,266 walikufa na 20 tu wakaokolewa. Kwa jumla siku ile Waingereza walipoteza watu zaidi ya 6,000 na Wajerumani zaidi ya 2,500. Miili michache ya waliokufa Jutland ilisukumwa na mkondo hadi pwani za Norway na Sweden, na iko makaburi yao Fredrikstad na Kviberg, Gothenburg. Tovuti ya Tume ikikuandikia mojawapo ya majina hayo, ana kaburi. Ikiandika Portsmouth, Chatham au Plymouth, hana. Mabaharia waligawiwa minara kwa bandari yao ya nyumbani, na wengi wa Queen Mary walikuwa watu wa Portsmouth. Mnara huo uko Southsea, ufukweni, ulizinduliwa mwaka 1924, na majina yamepangwa kwa mwaka kisha kwa cheo, si kwa alfabeti tupu. Mtu akienda bila namba ya bamba atazunguka mchana kutwa, kwa hiyo mpeni kabisa. Meli yenyewe imelala vipandevipande chini ya bahari, nayo inalindwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 ya mabaki ya kijeshi. Yeyote anayekuuzia kipande anachodai kimetoka humo, usimsikilize. Pale ni kaburi la watu.

Nije kwenye sahani. Rangi yake ya kahawia iliwekwa kiwandani, ndiyo ngozi yake. Asidi ya ukwaju au ndimu huivua ngozi hiyo kwa dakika chache na kuacha shaba mbichi ya waridi, nayo pamoja na chumvi ya jikoni iliyobaki kwenye vidole huanzisha kutu upya. Majivu na dawa za kung'arishia zina mchanga laini unaokula herufi zilizoinuka. Dele lipo kwa kazi na linastahimili kusuguliwa. Sahani hii ina herufi za jina zilizoinuka kidogo tu, na ukizilaza huwezi kuziinua. Medali ya ushindi ni dhaifu zaidi, kwani ina ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu. Ipangusie vumbi kwa brashi laini, basi.

Madoa ya kijani yako ya namna mbili. Yaliyo magumu, ya kijani kilichokoza, yanayoshika kama rangi, hayana haraka, yaache. Ya hatari ni ya kijani hafifu, ya unga, yanayopukutika ukiyagusa kwa kijiti. Huo ni ugonjwa wa shaba: kloridi iliyoingia kutoka jasho la mikono au hewa ya chumvi hukutana na unyevu, hula shaba, na mzunguko hujirudia wenyewe bila kukoma mpaka unyevu uondolewe. Pwani yetu, unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, kwa hiyo kikopo cha bati kabatini hakiukingi.

Vaa glavu za mpira wa nitrili. Tandika karatasi nyeupe, pukutisha unga kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na brashi laini, pakiwa pakavu. Usitie maji, usitie mafuta ya nazi. Kisha weka sahani kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha hewa, chenye alama ya pembetatu na namba 5 chini yake, pamoja na vipakiti vya jeli ya silika. Kwa chombo cha lita 5 weka gramu 200, si kile kipakiti kimoja cha kwenye viatu. Tia ndani kipima unyevu kidogo na uhakikishe hakipandi juu ya asilimia 40. Chagua silika inayobadilika rangi. Ikibadilika, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, iache ipoe ikiwa imefunikwa, irudishe. Baada ya wiki mbili angalia sahani. Kama unga haujarudi, umeushinda kwa sasa, na unaweza kupaka nta nyembamba ya wahifadhi. Ukirudi, ipeleke kwa mhifadhi wa makumbusho. Fort Jesus ndiko vilikohifadhiwa vitu vya merikebu ya Kireno Santo António de Tanna iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, kwa hiyo madini yaliyokula chumvi si jambo geni pale.

Ndani ya chombo hicho usiweke sponji, kitambaa cha sufu, mipira ya kufungia wala magazeti, na usitumie vile vifuko laini vya plastiki vya albamu, kwani hutoa asidi vinapozeeka. Sanduku la mbao, hata la mvule uliochongwa vizuri, nalo hutoa mvuke wa asidi. Kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa bila wanga, kinatosha kuviringishia. Tepe za zamani usizifue. Zikichanika, nunua tepe mpya, ya nyota ya upana wa milimita 32 na ya medali ya ushindi ya milimita 39, na za zamani zibaki na medali zake. Utepe wa nyota una upande: nyekundu huelekea katikati ya kifua. Na ikipatikana ile karatasi yenye jina la meli, isikae kwenye chombo kikavu namna hii, itakakamaa. Iweke mbali, kwenye bahasha isiyo na asidi, na usiipeleke kabisa ikawekwe plastiki ya moto.

Watoto wanaweza kuzivaa siku ya kumbukumbu ya Novemba. Desturi ni kifua cha kulia kwa anayevaa za marehemu, nyota ikiwa ya kwanza, kisha nafasi ya ile ya fedha, kisha ya ushindi. Zivaeni kwa saa zile tu, halafu zipanguseni jasho kwa pamba kavu kabla ya kuzirudisha.

Niongeze neno kwa wasomaji wengine ambao ndugu zao walipotea baharini katika vita vya pili, hasa familia za askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki waliokuwa kwenye meli Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Kilindini ikielekea Ceylon, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, wakafa watu karibu 1,300. Njia niliyoeleza ya kusoma ukingo haitawasaidia, kwa sababu Uingereza iliacha kugonga majina kwenye nyota na medali za vita vya pili. Nyota ya askari mmoja haina tofauti na ya mwingine. Kwa hiyo anzeni na orodha ya Tume kwa jina na tarehe hiyo. Wasio na kaburi wameandikwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Chapisheni ukurasa wenye jina, namba na kikosi, mwongeze kwa mkono jina la aliyezipokea medali na uhusiano wake na marehemu, na karatasi hiyo isitengane na medali, ila iwe katika bahasha yake.